Kutafuta kijiji cha bibi kilichobaki mahame ndani ya Selous: nianzie wapi?

Mtafuta Mahame

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Naomba mwongozo katika jambo ambalo limenisumbua kwa karibu miaka miwili.

Bibi yangu mzaa mama ni Mngindo. Alizaliwa katika kijiji kilichokuwa kaskazini ya Liwale, katika eneo ambalo baadaye liliingizwa ndani ya Pori la Akiba la Selous na ambalo leo halina mtu. Anasema alikuwa msichana ambaye bado hajaingia unyagoni pale jumbe alipowaita watu wote na kuwaambia kwamba serikali imeamuru wahame kwa sababu ya malale. Waliondoka baada ya kuvuna mtama, wakiwa wamebeba vyungu, kuku na mbegu, na anakumbuka kwamba alipogeuka nyuma aliona moshi. Tangu siku hiyo hajakanyaga tena pale. Kwa hesabu zetu za kifamilia tukio hilo lilikuwa katikati ya miaka ya 1940.

Shida yangu ni kwamba kila mahali ninapotafuta sikioni kijiji hicho. Jina analolitaja bibi halimo katika orodha yoyote ya vijiji niliyoiona, halimo katika ramani za simu, na katika ofisi moja niliyokwenda kuuliza nilijibiwa kwamba kijiji ambacho hakijasajiliwa ni sawa na kijiji ambacho hakikuwepo. Nilitoka pale nimekasirika, lakini nakiri kwamba sikuwa na karatasi hata moja ya kumjibu yule bwana. Jina lenyewe sitalitaja hapa kwa sasa, kwa kuwa ni jina la jumbe wa wakati ule, na baadhi ya wajukuu zake hawajaridhia litajwe hadharani kabla hatujakaa kama ukoo.

Nilicho nacho ni kidogo. Kuna msahafu wa babu mkubwa ambao katika ukurasa wake wa mwisho yameandikwa, kwa herufi za Kiarabu, majina ya watoto na kitu kinachofanana na tarehe za kuzaliwa. Kuna kipande cha manamba cha kaka yake bibi, ambaye alikwenda kufanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Lindi; wino umefifia, ila neno moja baada ya jina lake linaweza kuwa jina la jumbe. Na kuna maneno ya bibi mwenyewe, kwamba kutoka nyumbani kwao hadi mto Matandu ulikuwa mwendo wa kuanzia alfajiri hadi jua la utosi.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna kumbukumbu zozote zinazoweza kuwa zimebaki za kijiji kama hicho? Na je, inawezekana kweli kusema kwa uhakika, “kijiji kilikuwa hapa,” au nijiandae kuishia kwenye makisio?

Mpima Ardhi Mstaafu

Ndugu Mtafuta Mahame, yule bwana wa ofisini alichanganya mambo mawili. Usajili wa vijiji kama tunavyoufahamu ulianza na sheria ya vijiji ya mwaka 1975, wakati wa Operesheni Vijiji. Makazi yaliyokwisha kuhamishwa miaka thelathini kabla ya hapo hayangeweza kuwamo katika rejista hiyo kwa namna yoyote, kwa hiyo kukosekana kwake humo si ushahidi wa chochote. Usipoteze nauli yako tena kwa njia hiyo.

Mimi nitasema juu ya ramani tu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Ramani ya zamani zaidi yenye manufaa kwako ni ile ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ya kipimo cha 1:300,000, iliyochapishwa Berlin kwa karatasi nyingi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Nakala za picha za karatasi hizo zimewekwa mtandaoni na maktaba za Ujerumani. Uzuri wake ni kwamba wachoraji waliandika majina ya makazi madogo kwa wingi wa kushangaza, hasa yale yaliyokuwa kando ya njia walizopita wasafiri na askari. Ubaya wake ni uleule: palipokuwa na njia pamejaa majina, na hatua chache kutoka njiani karatasi ni nyeupe, ingawa huenda watu walikuwepo tele. Weupe wa karatasi maana yake ni kwamba mchoraji hakupita pale.

Ukiisoma, kumbuka tahajia. Mjerumani aliandika “Usaramo” kwa Uzaramo, “Kilwa Kiwindje” kwa Kilwa Kivinje, na “Kilimandscharo” kwa Kilimanjaro. Maana yake, z yetu huenda ikaonekana kama s, v kama w, y kama j, ch kama tsch, na j yetu ikageuka kuwa dj au dsch. Kabla hujafungua karatasi, liandike jina la jumbe kwa namna zote hizo, ndipo uanze kutafuta. Nimewahi kumwona mtu akipitia karatasi moja kwa siku tatu bila kuona jina lililokuwa katikati ya meza, kwa sababu tu alikuwa akilitafuta kwa tahajia ya leo.

Ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo wapimaji huziita Y742, zilitengenezwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege katika miaka ya 1950 na kuendelea. Wakati huo kijiji chenu kilikuwa kimekwisha hama, kwa hiyo usitarajie kukuta nyumba. Hata hivyo usiziache, maana mito na vijito vimechorwa vizuri na vina majina. Zipo pia picha zenyewe za ndege, ambazo mara nyingi ni bora kuliko ramani iliyotokana nazo. Sehemu kubwa ya picha zilizopigwa na idara ya upimaji ya Uingereza kwa makoloni yake imehifadhiwa Edinburgh, katika mkusanyo wa taifa wa picha za angani. Shamba lililolimwa kwa miaka mingi halirudi kuwa msitu wa miombo kwa miaka kumi. Katika picha huonekana kama baka lenye rangi tofauti na mpaka usio wa kawaida, na kwenye baka kama hilo ndipo pa kuweka alama.

Watu watakushauri pia utumie picha za setilaiti za kijasusi za Marekani, zile za Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Ni hazina kweli, lakini zaidi kwa wanaotafuta makazi yaliyohamishwa katika miaka ya 1970. Kwako zitaonyesha kovu la kovu tu, maana watu wenu walikuwa wamehama miaka mingi kabla hazijapigwa.

Jambo la mwisho, ambalo limewapoteza wengi: ramani za Y742 zimejengwa juu ya mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na kifaa cha GPS cha kawaida hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani na kuziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha, utakosea kwa takriban mita 300. Katika pori lile, mita 300 zinatosha kabisa kukupitisha pembeni mwa makaburi bila kuyaona.

Karani wa Nyaraka

Naunga mkono yaliyosemwa, na ninaongeza upande wa majalada.

Kwanza, usitafute jalada lenye jina la kijiji, kwa sababu halipo. Serikali ya kikoloni haikufungua majalada kwa vijiji. Ilifungua kwa mambo. Kijiji chenu, kama kimetajwa, kimetajwa katika aya moja ndani ya jalada la malale, au la kodi, au la wanyamapori, au la vibarua wa mashamba. Majalada hayo yamo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inaruhusu kwa jumla kumbukumbu zilizotimiza miaka thelathini zisomwe na umma. Karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, na yale ya Wajerumani kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huushindwa.

Pili, jua ofisi ipi ilikuwa na mamlaka katika mwaka unaoutafuta. Wakati wa Wajerumani Liwale ilikuwa kituo kidogo chini ya Kilwa, na baadaye mambo yake yamekuwa yakishughulikiwa kwa nyakati tofauti kutoka mahali tofauti, ikiwemo Nachingwea. Kwa hiyo barua kuhusu watu wa Liwale zimelala katika masanduku ya Kilwa, ya Lindi na ya Nachingwea. Wengi huomba sanduku lenye neno “Liwale,” wakalimaliza kwa siku moja, kisha wakaondoka wakiamini kwamba hakuna kitu. Omba pia Vitabu vya Wilaya, ambavyo vimehifadhiwa katika filamu ndogo za nyaraka (microfilm). Maofisa waliokuwa wakipokezana waliandika humo orodha za majumbe, nasaba za watawala wa kienyeji na habari za kuhama kwa watu. Ni vitabu vya kusoma kwa tahadhari, kwa kuwa ofisa mmoja alinakili kosa la mwenzake na kosa likazeeka na kuwa kweli.

Tatu, ukikutana na jina usishangilie haraka. Nakupa mfano mmoja tu. Kuna Madaba iliyokuwa makazi ya watu ndani ya eneo la Selous, na kuna Madaba ya upande wa Songea, ambayo ni mji unaojulikana na kila dereva wa barabara ile. Nimeona maandishi ya watu wazima na akili zao yakichanganya habari za Madaba hizi mbili katika sentensi moja. Jina lisiloambatana na mto, jumbe au mwaka ni nusu ya habari.

Kuhusu sensa, matokeo ya 1948 na 1957 yanapatikana kama majedwali ya jumla tu, na hutapata humo karatasi yenye jina la bibi yako. Orodha za kodi zilizoandikwa na makarani wa majumbe ndizo zingekuwa na majina ya watu mmoja mmoja, lakini nyingi hazikuhifadhiwa, kwa kuwa mwaka ulipokwisha hakuna aliyeziona kuwa na thamani. Rejista za ubatizo, ambazo kwa jamii nyingine za kusini ndizo nguzo ya utafiti wa aina hii, kwako zina nafasi ndogo, maana Wangindo wengi ni Waislamu. Kwa sababu hiyo ule msahafu una uzito kuliko unavyodhani. Mpelekee mtu anayesoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, si mtu anayejua Kiarabu tu. Tofauti ni kubwa: mwandishi wa zamani aliandika Kiswahili au Kingindo kwa herufi ambazo hazina p wala v, na msomaji wa Kiarabu asiyejua lugha zetu atakusomea majina ambayo hayajawahi kuitwa na mtu yeyote.

Kipande cha manamba kipige picha kwa mwanga wa kutoka ubavuni, na tena kwa taa ya rangi ya zambarau ile inayotumika kukagua noti. Wino uliofifia machoni mara nyingine hurudi chini ya mwanga huo. Usikipake mafuta wala maji, hata kama jirani atakuapia kwamba aliona kwa macho yake.

Mzee wa Kusini

Marahaba, mjukuu wangu.

Nimewasoma mabwana wawili waliotangulia na sina ugomvi nao, ila wote wameanza na karatasi, na wewe una kitu ambacho karatasi haina. Bibi yako yu hai. Majalada ya Upanga yatakuwepo mwaka ujao na mwaka utakaofuata. Anza na bibi.

Sasa nisikilize, kwa sababu nadhani swali lako limekaa upande. Unatafuta kijiji chenye jina la jumbe. Kwetu kijiji kiliitwa kwa jina la mwenye kijiji, kwa Fulani, na huyo Fulani alipokufa akarithiwa na mpwa wake, mara nyingine jina likawa la mpwa, na mara nyingine mpwa akalichukua jina la mjomba kama anavyorithi kiti. Zaidi ya hapo, jumbe alipohama jina lilihama naye. Kwa hiyo ukikuta jina hilo katika ramani ya Mjerumani, utakuwa umeona mahali alipokaa mzee wa jina hilo mwaka ule wa Mjerumani, na si lazima pawe ndipo alipozaliwa bibi yako. Kinachokaa mahali pamoja ni mto. Tafuta mto kwanza, jina la jumbe lije baadaye.

Nitakupa kisa cha nyumbani kwangu. Mama yangu na baba yangu mdogo walibishana tangu nilipokuwa mtoto juu ya mahali tulipotoka. Mama alisema kijiji kilikuwa bondeni, karibu na maji, palipokuwa na matete. Baba mdogo alisema ni uongo, kijiji kilikuwa juu mlimani kwenye mawe. Sisi watoto tuliamini kwamba mmoja wao amesahau. Nilipokuwa mtu mzima, mzee mmoja wa ukoo alicheka akaniambia wote wawili wanasema kweli. Mlimani ndiko watu walikojificha wakati askari wa Mjerumani walipochoma vijiji na maghala baada ya Maji Maji, na baba mdogo alisimuliwa na babu aliyekuwako huko. Bondeni ndiko waliporudi baadaye, na mama alizaliwa huko. Yalikuwa mahame mawili yenye jina moja. Usishangae ukikuta hata matatu, kwa kuwa ardhi ile ilipigwa na vita ya 1905, ikapigwa tena na vita ya Wazungu ya 1914 walipochukuliwa wapagazi na chakula, kisha ndipo yakaja hayo ya malale.

Ukienda kwa bibi, usimuulize kwa Kiswahili kama anajua Kingindo. Mtu hukumbuka utoto wake kwa lugha ya utoto wake. Usimuulize, “Bibi, kijiji kilikuwa wapi?” maana hilo ni swali la serikali. Muulize walichota maji wapi, na kiangazi kile kisima kilipokauka walikwenda wapi. Muulize jua lilichomozea upande gani wa nyumba, na walipokuwa wakienda kuteka maji lilikuwa mkono gani. Muulize walizikwa wapi wazee, shamba la mpunga lilikuwa upande gani, nani alikuwa jirani wa mwisho kabla ya pori kuanza, nta waliiuza kwa nani na mnunuzi alikaa siku ngapi kutoka kwao. Wanawake watakuambia maji, kuni na mashamba. Wanaume watakuambia njia, mizinga ya asali na mahali walipowindia. Waulize mbalimbali, usiwakutanishe mpaka umeandika, kwa sababu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandikwa. Na wewe usitaje jina lolote la mahali kabla hajalitaja yeye. Ukimwambia, “Je, si karibu na mahali fulani?” atasema ndiyo kwa heshima yako, na tangu hapo hutajua tena kama ni kumbukumbu yake au ni yako.

Huo mwendo wa alfajiri hadi jua la utosi nao uupime kwa miguu ya mtoto aliyebeba kitu, si kwa miguu yako.

Kuhusu alama za ardhini, siku utakayoruhusiwa kufika, watu watakuonyesha mbuyu na kukuambia hapa palikuwa na kijiji. Mbuyu peke yake si shahidi, kwani huota wenyewe. Mwembe ni shahidi mzuri zaidi, kwa sababu mara nyingi ulipandwa au kokwa ilitupwa na mtu, na ukikuta miembe kadhaa ya umri mmoja karibu na maji, tazama chini. Tafuta vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, mafiga yaliyobaki matatu matatu. Viache pale pale. Mahame yana wenyewe, na kwetu mtu hafiki kwenye makaburi ya wazee kabla hajatanguliza tambiko.

Mtafuta Mahame

Mzee wangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama. Asante sana. Nakiri kwamba nimemuuliza bibi swali lile la serikali zaidi ya mara ishirini, na kila mara amenijibu, “Kule porini.”

Ndugu Karani, nimepata mwalimu mzee wa madrasa ambaye amekubali kuusoma ukurasa wa msahafu. Ameniambia tayari kwamba tarehe ni za Hijria na kwamba mmoja wa watoto ameandikwa kuwa alizaliwa “mwaka wa kuhama.” Ninashangaa, kwa sababu mtoto huyo ni mdogo kuliko bibi kwa miaka mingi. Je, nichukue mwaka huo kuwa ndio mwaka wa amri ya malale? Na je, ni kweli kwamba sababu ilikuwa malale? Wajomba zangu wanasema waziwazi kwamba watu waliondolewa ili tembo wapate nafasi.

Mwanafunzi wa Historia

Naomba nijibu hilo la sababu, kwa kuwa ndilo linalopotosha tarehe.

Malale yalikuwepo, na kuwakusanya watu katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili kuwatenga na mbung'o ilikuwa sera ya serikali ya Tanganyika tangu miaka ya 1920. Huko Liwale amri za miaka ya 1940 zilitolewa kwa jina la malale. Lakini ni kweli pia kwamba tembo walikuwa wakiharibu mashamba kwa miaka mingi, kwamba maofisa wa wanyamapori walitaka eneo kubwa lisilo na watu, na kwamba baada ya watu kuondoka mipaka ya pori ilipanuliwa juu ya ardhi yao. Wanahistoria hawajakubaliana ni sababu ipi ilitangulia. Kwa kazi yako, soma majalada ya pande zote mbili, ya tiba na ya wanyamapori. Orodha ya makazi ya kuondolewa inaweza kuwa katika moja na isiwe katika nyingine.

Jambo jingine ni kwamba uhamisho haukuwa wa siku moja wala wa mwaka mmoja. Makundi yaliondolewa kwa zamu, wengine walirudi kwa siri kulima na kurina asali, wakaondolewa tena. Kwa hiyo “mwaka wa kuhama” wa msahafu unaweza kuwa wa kuhama mara ya pili, au wa tawi jingine la ukoo. Ibadilishe tarehe ya Hijria kwa uangalifu, maana mwaka mmoja wa Hijria huangukia katika miaka miwili ya kalenda ya kawaida, kisha uilinganishe na umri wa ndugu wote walioandikwa, si wa huyo mmoja.

Kwa wanaodhani kwamba pori lile lilikuwa pori tangu kuumbwa kwa ulimwengu, Behobeho, mahali palipo ndani ya pori hilohilo, inatosha kuwajibu. Mwaka 1879 msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson ulifika huko ukitokea Dar es Salaam, ukakuta kijiji, na Johnston akafia hapo kwa maradhi. Januari 1917 Frederick Selous aliuawa vitani katika eneo hilohilo, na pori likapewa jina lake. Jina la mgeni aliyekufa pale limebaki katika kila ramani, na ya wenyeji yanatafutwa na wajukuu zao kwa darubini.

Kuna chanzo kimoja ambacho hakijatajwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Karatasi zao zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo, sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki. Wazee waliohojiwa mara nyingi walitaja walikozaliwa kabla ya kutaja vita, na miongoni mwao wamo watu waliokuwa watu wazima wakati wa uhamisho. Ukienda huko usisome habari za vita peke yake. Soma mistari ya mwanzo, ile ambayo watafiti huiruka. Tazama vilevile maandishi ya Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda. Ingawa hayana ubatizo wa watu wako, yana habari za njia. Askofu Cassian Spiss aliuawa Agosti 1905 katika eneo la Liwale akiwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, na waliosimulia safari hiyo walikuwa na sababu ya kutaja mahali walipopita.

Karani wa Nyaraka

Nyongeza fupi kwa ajili ya siku ya safari. Sehemu kubwa ya kaskazini ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, kwa hiyo kwanza jua nukta yako inaangukia upande upi, maana upande mmoja utaomba ruhusa kwa TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, na upande mwingine kwa TAWA, wasimamizi wa mapori ya akiba. Usiende na rafiki mwenye pikipiki. Na maneno ya Mzee kuhusu vigae ni sheria pia, si mila tu: kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Mtafuta Mahame

Wakubwa zangu, narudi na habari.

Nilikaa na bibi siku mbili bila kutaja kijiji. Nilimuuliza habari za maji, na mama akatafsiri pale Kingindo kiliponishinda. Alisimulia kijito kilichokuwa na maji hadi mwisho wa kiangazi, mawe mekundu mahali pa kuvukia, na kijito cha pili kilichokauka mapema, ambacho watoto walikatazwa kwenda kwa sababu ya makaburi. Jua la asubuhi lilimpiga usoni alipokuwa akienda kuteka maji. Akavitaja vijito vyote viwili kwa majina, bila kusita, kana kwamba alivipita jana. Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu kwa binamu yake wa kiume, ambaye hakuwepo bibi alipokuwa akisimulia. Yeye hakukumbuka kijito kidogo, ila kile kikubwa alikitaja kwa jina lilelile, akaongeza kwamba ndiko walikotundika mizinga.

Katika karatasi ya Mjerumani kijito kikubwa kipo, kimeandikwa kwa s pale bibi anaposema z. Jina la jumbe halimo karibu yake. Limo mahali pengine, mbali kidogo upande wa kusini, na nadhani sasa naelewa kwa nini, Mzee wangu, kwa sababu karatasi hiyo ni ya kabla ya bibi kuzaliwa. Tarehe ya msahafu bado inafanyiwa kazi, na barua ya maombi ya ruhusa nimeiandika ingawa sijaituma.

Kijito kile kinaelekea mashariki na kukatika kwenye ukingo wa karatasi, kabla hakijakutana na kile cha makaburi. Kama kuna mwenye nakala safi ya karatasi inayofuata upande huo, ya 1:300,000 au ya Y742, naomba anijulishe.